Haki ya Mwenye Kungoja

Miongoni mwa miji mikuu ya Afrika ya Mashariki, Kigali una ajabu moja ambayo mgeni huitambua akiisha kuvizoea vilima vyake: una stesheni nyingi za kuwaleta watu kazini asubuhi na kuwarudisha majumbani jioni, wala hauna reli hata dhiraa moja. Stesheni hizo wenyeji huziita gare, kwa jina lililosalia tangu zama za Wabelgiji. Na mtu akiagana na nduguye kukutana kwenye gare ya Kimironko, au ya Remera, au ya Nyanza huko Kicukiro, au ile iliyo kubwa kuliko zote, ya Nyabugogo, huenda akatafuta basi, wala gari la moshi halimpitikii akilini. Nyabugogo iko bondeni, kando ya mto wenye jina hilo unaokwenda kumimina maji yake katika Nyabarongo, na njia kuu za nchi hukutana hapo: ya kaskazini iendayo Gatuna kwenye mpaka wa Uganda, ya Musanze na Rubavu, na ile ya kusini ipitayo Muhanga hadi Huye, ilhali juu yake, mlimani, ndiko uliko mji wa zamani wa Nyarugenge. Hapo huondokea mabasi ya Volcano kwenda Huye, ya Virunga kwenda Musanze, na ya RITCO, shirika lililorithi kazi ya ONATRACOM iliyoanzishwa mwaka 1978, kwenda katika wilaya za mbali. Hapo wasafiri wa Kampala na wa Dar es Salaam hukata tiketi. Na hapo hupita mara mbili kila siku mtu wa kitongoji, yule anayelala Ruyenzi ng'ambo ya Nyabarongo na kutafuta riziki mjini, ambaye hana mzigo wala safari ya kusimulia, na ambaye kwa sababu hiyo hakuna anayemwandika.

Ni kwa ajili ya mtu huyo wa mwisho ninauliza swali ambalo aghalabu haliulizwi, kwa maana wenye uwezo wa kulijibu wana shughuli nyingi na wenye kuumwa nalo wamechoka: mtu anapongoja, umri anaoutumia katika kungoja ni mali ya nani, na nani atakayeulizwa juu yake?

Huenda msomaji akaniambia kwamba mfano mkubwa wa kungoja katika nchi hii si foleni ya basi bali ni reli yenyewe, na kweli historia hiyo yastahili kukumbukwa. Richard Kandt, tabibu na mpelelezi wa Kijerumani, aliweka kituo cha serikali Kigali mwaka 1907. Wakati huo reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilikuwa ikisonga magharibi. Ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na katika mwaka huo wa 1914 Wajerumani walikuwa wamekwisha kuidhinisha fedha na kuanza kazi ya tawi la kutoka Tabora hadi kwenye kiwiko cha mto Kagera, ili utajiri wa Rwanda, kama walivyoukadiria, uteremke pwani. Vita vikaikata kazi hiyo. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia Kigali, na Waingereza, walioipata Tanganyika, wakaielekeza reli yao Mwanza, ikafika huko mwaka 1928. Rwanda ikabaki na barabara. Tangu hapo reli imekuwa ikikaribia kwa maneno na kwa vituo: Isaka, katika njia hiyo ya Mwanza, palijengwa bandari kavu mwishoni mwa karne iliyopita, na shehena ya Kigali hushushwa hapo kutoka katika mabehewa na kupakiwa katika malori yapitayo Rusumo, mwaka 2013 ulitangazwa kwa shangwe mpango wa kuiunganisha Mombasa na Kampala na Kigali, ambao kwa upande wa Kenya ulifika Nairobi mwaka 2017 na Naivasha mwaka 2019, kisha ukasimama, na Januari 2018 marais wa Rwanda na Tanzania walipatana juu ya reli ya Isaka hadi Kigali. Tanzania imekwisha kuendesha treni ya umeme hadi Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Sisi tungali na vilima vyetu.

Hata hivyo sikubali kwamba huko ni kungoja kwa maana ninayoitafuta. Nchi isiyo na reli imekosa kitu, na kukosa huko huonekana katika bei ya saruji na ya chumvi, kwa kuwa bahari iko mbali kwa zaidi ya kilomita 1,400 za barabara. Lakini hakuna mwananchi aliyeambiwa asimame mahali fulani, asiondoke, mpaka reli ije. Watu walilima, walioa, walijenga, na wengi walikufa pasipo kuikumbuka Berlin. Kukosa ni jambo moja na kungojeshwa ni jambo jingine. Mwenye kukosa hana kitu, bali nafsi yake ni yake. Mwenye kungojeshwa amekamatwa mwili, hawezi kwenda wala hawezi kufanya kazi, na aliyemkamata hakumfunga kamba bali ahadi. Ndiyo maana namwacha Mjerumani na reli yake, narudi kwa mtu wa Ruyenzi.

Waswahili wa Kigali hawakuhitaji mwanafalsafa wa kuwafundisha tofauti hiyo. Jamii ya Waislamu wa mji huu, ambao msikiti wao wa Al-Fat'h ni wa mwaka 1913, ilikusanywa na utawala wa Kibelgiji katika mtaa wake mbali na wengine, na aliyetaka kutoka kwenda mashambani kwa biashara alihitaji ruhusa. Ruhusa ilikuwa karatasi, karatasi ilikuwa mkononi mwa karani, na karani alikuwa na wakati wake. Mtu angeweza kuwa na bidhaa, na afya, na njia kavu mbele yake, akashindwa na baraza la ofisi. Na tazama jinsi dunia igeuzavyo mambo: katika watu hao waliozuiliwa kutembea ndimo walimotoka wengi wa madereva na mafundi wa magari wa nchi hii, hata ikawa lugha yetu ndiyo lugha ya gereji na ya barabara kuu, miaka mingi kabla Bunge halijaifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Sina hakika kwamba wajukuu wa waliongojeshwa huwa wepesi wa kutowangojesha wengine. Nimepanda magari yao.

Sasa nije kwenye swali. Dini yetu yafundisha kwamba umri ni amana. Qurani yataja amana iliyoonyeshwa mbingu na ardhi na milima, vyote vikaogopa kuibeba, akaibeba binadamu. Na Mtume alifundisha kwamba mja hataondoka mahali pa hesabu kabla hajaulizwa juu ya umri wake, aliumaliza katika nini. Wahubiri hulitumia fundisho hilo kuwakemea wavivu, nalo ni sawa. Lakini sijapata kusikia hotuba inayolifikisha mahali linapopaswa kufika, yaani kwamba kama mimi nitaulizwa juu ya saa yangu, na saa hiyo niliitumia nikiwa nimeketi katika gari lisiloondoka, kwa neno la mtu aliyeniambia kwamba linaondoka sasa hivi, basi mtu huyo ni mshirika wangu katika jawabu, na hana budi asimame karibu nami siku hiyo. Amana ya mtu ikiwa mkononi mwa mwingine haiachi kuwa amana. Bali humwongezea mshikaji dhima. Tunajua hivyo katika fedha. Mtu akishika faranga zangu akazitumia kwa faida yake, hata akinirudishia, watu watasema alifanya hiana. Na saa hairudishwi.

Hapo husimama mtu akasema: subira yavuta heri. Ni kweli, na yeyote aliyelelewa pwani au kwa lugha ya pwani amenyonya methali hiyo pamoja na maziwa. Lakini wazee wale wale walituachia nyingine, kwamba ngoja ngoja yaumiza matumbo, na sidhani kuwa walijipinga. Ya kwanza ni wasia ambao mtu huiambia nafsi yake. Ya pili ni shtaka ambalo humwambia aliyemchelewesha. Uharibifu hutokea pale methali zinapobadilishana vinywa: mwenye kuchelewesha anaposhika ile ya kwanza akamhubiria aliyecheleweshwa. Subira ni fadhila iliyo na mlango mmoja tu, nao hufunguliwa kwa ndani. Anayebisha kwa nje, akidai kwamba mwenzake awe nayo, anataka kulipwa mara mbili, kwanza kwa wakati wa mtu, kisha kwa tabia yake njema.

Al-Ghazali, katika robo ya mwisho ya Ihya, ameweka kitabu cha subira na shukrani, na baada yake kitabu cha tauhidi na tawakali. Na katika hicho cha tawakali ana mfano ambao ungefaa kubandikwa katika kila kituo cha basi. Asema juu ya mtu mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, naye haunyoshi mkono, akidai kwamba amemtegemea Mungu amshibishe: huyo, kwa maoni ya imamu, hana tawakali bali ana wazimu, kwa kuwa mkono na kinywa ni katika sababu alizoziumba Mungu mwenyewe. Nami naona mkataba wa mabasi, na ratiba, na idadi ya magari, ni mkono na kinywa cha mji. Mji wenye vitu hivyo usipovitumia, kisha ukawasifu raia wake kwa uvumilivu, umekaa mbele ya sahani iliyojaa.

Lazima niseme habari za kujaza, kwa kuwa ndizo shina la jambo. Kwa miaka mingi gari dogo la abiria, lile ambalo watu wa Kigali waliliita twegerane kwa namna lilivyowasogeza wasiojuana, halikuwa na saa ya kuondoka. Lilikuwa na kiti cha mwisho. Likijaa huenda. Konvwayeri, yaani utingo, akipiga kelele mlangoni, dereva akinguruma injini, akisogea hatua mbili mbele na kurudi moja nyuma, abiria aliye ndani husadiki kuwa safari imefika, ilhali yule aliye nje huharakishwa kuingia. Na hila hiyo nyepesi nimeiona ikifaulu hata kwa watu waliokwisha kuijua. Mwenye gari ana hoja yake, nami sipendi kuidharau. Mafuta yana bei, kiti kitupu hakina nauli, na gari likiondoka na nusu ya abiria, mzigo wa nusu nyingine utaangukia mahali. Hoja hiyo ni ya kweli yote, ila imenyamazia neno moja: kwamba mzigo huo tayari umeangukia mahali. Umeangukia waliokwisha kuketi. Wao ndio wanaolipia viti vitupu, kila dakika, mpaka vijae, kwa sarafu isiyotolewa risiti.

Basi kungoja ni nauli ya pili. Ile ya kwanza imeshughulikiwa sana. Mwaka 2013 usafiri wa Kigali uligawiwa kwa mkataba katika kanda, kwa kampuni za KBS na Royal na kwa muungano wa vyama vya ushirika wa RFTC. Tangu 2015 nauli ilihamia katika kadi inayogusishwa kwenye mashine, ili isipotee njiani mikononi mwa watu. Tangu 2020 serikali ililipa sehemu ya nauli hiyo kwa ajili ya abiria, mpaka Machi 2024 ilipoacha na bei mpya zikatangazwa. Na kwa kuona foleni zilivyorefuka iliagiza mabasi 200. Hayo yote ni mema, nami simlaumu mtu. Lakini angalia kwamba nauli ya kwanza imeandikwa ubaoni, hupandishwa kwa tangazo rasmi, hujadiliwa na Bunge na redio, na akiibiwa mtu faranga 50 pana pa kushtakia. Nauli ya pili haikuandikwa popote. Na kuna jambo zito zaidi. Nauli ya kwanza hutozwa wote sawasawa. Nauli ya pili hutozwa wale tu wasioweza kuikimbia. Karani mwenye akiba akiona foleni imepinda kona mbili humpungia motari wa pikipiki, huvaa kofia ngumu, akaukwea mlima wa Muhima kabla wenzake hawajasogea hatua kumi. Anayebaki ni mama aliyemaliza nyanya zake sokoni, na faida ya nyanya haitoshi pikipiki. Kodi inayopungua kadiri mlipaji anavyotajirika ingeitwa dhuluma kama ingepitishwa kwa sheria. Kwa kuwa imepitishwa na mazoea, huitwa hali ya usafiri.

Augustino, askofu wa Hippo, katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake, alijisumbua na wakati mpaka akafikia kwamba mambo yajayo hayako popote ila katika roho inayoyatarajia, kama yaliyopita yasivyo popote ila katika kumbukumbu. Mimi si mwanafunzi wa kanisa lake, bali nakiri kwamba hakuna mahali ambapo nadharia hiyo huonekana kwa macho kama katika gare saa kumi na mbili jioni. Roho za watu elfu zimenyoshwa mbele, kila moja imeshika basi ambalo bado halijaonekana. Na ndiyo sababu mwenye kungoja hawezi kusoma, wala kuzungumza kwa raha, wala hata kupumzika, japo amesimama bure. Miguu yake imepumzika, utarajio wake unafanya kazi. Kwa hiyo asemaye kwamba kungoja ni wakati mtupu, na kwamba mtu angeweza kuutumia kwa dhikri au kwa kutafakari, amesahau kwamba wakati ule umejaa, umejazwa na jambo lisilokuja. Wapo wanaoweza, nimewaona wazee wakivuta tasbihi katika makelele yale pasipo kupoteza hesabu. Lakini hao wametoa zaidi ya walichodaiwa, na haifai kupima deni la wadhalimu kwa ukarimu wa wachamungu.

Katika foleni yenyewe, hata hivyo, kuna uadilifu ambao sijauona katika mabaraza mengi yenye viti vya ngozi. Foleni haimwulizi mtu ila neno moja: ulifika lini? Katika nchi hii neno hilo lina uzito usiojulikana kwingine. Tangu miaka ya 1930 Wabelgiji walipoandika kabila katika kitambulisho, mpaka karatasi hizo zilipofutwa baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, palikuwa na mistari ambayo mtu aliulizwa ndani yake yeye ni nani. Na katika siku zile za Aprili hadi Julai, kwenye vizuizi vya barabara, jawabu la swali hilo lilikuwa uhai au mauti. Watoto waliozaliwa baadaye husimama leo Nyabugogo, mmoja nyuma ya mwingine, na lililo baina yao ni saa ya kufika tu. Wageni hustaajabia unyofu wa foleni za Kigali na kuusifu usafi na nidhamu ya mji. Nadhani sifa hiyo haijafika chini. Kutoulizwa asili ni jambo ambalo hapa lilinunuliwa.

Lakini uadilifu wa foleni si kamili, na mafakihi wangependa kujua mipaka yake. Mtu akimwingiza rafiki yake mbele yake, amefanya wema au wizi? Wazee wa fikihi waliuliza swali la jirani na hilo: je, yafaa mtu aliye katika safu ya kwanza msikitini ampishe mwenzake, na wengi walichukia, wakisema kwamba kupishana ni kuzuri katika haki za nafsi, si katika mambo ya kumkaribia Mungu, na Mtume alikataza mtu kumwinua mwenzake mahali alipoketi ili akae yeye. Kwa kipimo hicho nasema hivi: nafasi yangu ni yangu, naweza kumpa mzee kisha mimi nikaenda kusimama mahali alipokuwa yeye, na hakuna aliyepoteza kitu ila mimi; lakini nikimwingiza na kubaki, nimempa kilicho changu kwa jina, na kwa kweli nimetoa kipande cha umri wa kila mtu aliye nyuma yangu, pasipo idhini yao. Kijana husikika akisema, "Mama, pita wewe kwanza," na mama hujibu, "Asante mwanangu," na foleni nzima hujisikia imefanya hisani. Si vibaya. Ila hisani ile ni ya foleni nzima, na kijana ni wakili wao tu. Kwa mwenye mtoto mgongoni na mwenye mkongojo, naona uwakala huo unadhaniwa. Kwa rafiki wa shule, haudhaniwi.

Nimefika kwenye pingamizi ambalo ndilo kubwa, na ambalo naliogopa. Kama kumngojesha mtu ni kutumia amana yake, tutasema nini juu ya Mungu, ambaye huwangojesha waja wake kuliko mwenye basi yeyote? Yakubu alimngoja Yusufu mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Ayubu alingoja. Wengi katika mji huu waliomba katika mwaka ule wa 1994, na msaada ukafika ukiwakuta wachache. Simone Weil, Mfaransa aliyekufa mwaka 1943, aliona katika kungoja bila kuondoka sura ya imani yenyewe. Je, si kufuru kusema kwamba anayengojewa ana deni?

Jawabu langu ni kwamba kati ya Mungu na mwenye basi kuna tofauti ya milki. Mungu akichukua saa yangu huchukua iliyo yake, hakuniuzia, alinikabidhi. Mwenye basi hakuniumbia dakika hata moja. Hivyo subira yangu kwa Mungu ni adabu ya aliyekabidhiwa mbele ya Mwenye mali, na subira yangu kwa mwenye basi ni msamaha wa mdai kwa mdaiwa, nami naweza kuutoa au kuuzuia. Kosa la zama zote, na hapa viongozi wa dini hawatoki na mikono safi, ni kuchukua adabu ile ya kwanza na kuidai kwa ajili ya wanadamu: mfalme, karani, tabibu, mkandarasi, kila mwenye mlango ambao watu husimama nje yake, akataka angojewe kama angojewavyo Mungu. Nasema jawabu hili ni sahihi; sisemi kwamba linamtuliza aliyeomba asijibiwe. Hilo silo nililoliahidi.

Ushahidi kwamba maumivu ya kungoja hayatokani na urefu wake tu, Kigali hutupatia kila mwezi. Jumamosi ya mwisho, siku ya umuganda, magari husimama asubuhi mpaka karibu na saa tano, watu wakiwa katika kufagia, kuchimba mifereji na kupanda miti. Gare huwa kimya, na aliyetaka kwenda Huye hangoji dakika ishirini bali saa tatu. Sisemi kwamba hakuna anayenung'unika. Lakini manung'uniko yale si ya namna moja na ya jioni ya Jumatatu, kwa sababu muda wake ulijulikana tangu mwaka jana, na kwa sababu siku hiyo mwenye gari lake naye amesimamishwa. Aliyeambiwa ukweli juu ya saa yake amerudishiwa uchaguzi: atakunywa chai, ataswali, atarudi nyumbani amwone mgonjwa. Aliyeambiwa "sasa hivi" amenyang'anywa saa pamoja na uwezo wa kuitumia vingine. Ndiyo maana mimi namhesabu mwenye kusema uongo juu ya muda wa kuondoka kuwa mbaya kuliko mwenye kuchelewa. Na kama ningepewa kutunga sharti moja tu la kumpa mtu leseni ya kubeba abiria, nisingeanza na idadi ya viti bali na saa iliyoandikwa mlangoni, hata ikiwa ni saa mbaya.

Inabaki mas'ala moja, nayo imenikaa kwa muda. Basi liendalo kwa saa yake, pamoja na viti vyake vitupu, lina ukali ambao lile la kujaza halikuwa nao. Mtu mwenye kushuka mbio kutoka kwenye daraja, mwanawe mgongoni na kikapu kichwani, zamani angelikuta twegerane likingali linanguruma palepale, likimngoja yeye kana kwamba limetumwa. Kwa basi la saa ataona mlango ukifungwa. Wapo watakaosema kwamba utaratibu umeua huruma. Nami nawauliza: huruma ile ilikuwa ya nani? Dereva hakumngoja mama yule, alikingoja kiti chake kijae. Na walioitoa dakika hizo ni abiria waliokuwa ndani, ambao hawakuulizwa. Kutoa mali ya watu si sadaka, hata maskini akinufaika nayo. Lakini dereva mwenye saa yake ubaoni akimwona mama anakuja, akageuka na kuuliza, "Jamaa, tumngoje?", dakika ile huwa imetoka kwa wenyewe. Katika mabasi ya jioni niliyopanda, walioketi dirishani ndio huwa wa kwanza kumwona anayekimbia, na hupiga bati kwa kiganja kabla dereva hajauliza.